Shajara ya saiba ya Umoja: mashine sita na siri za wateja

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Kwa nini tumeanza

Dada yangu mkubwa ana saiba, duka la kompyuta, intaneti na kuprinti, mtaani Umoja, Nairobi, hatua chache kutoka soko la Mutindwa. Mashine sita, printa mbili, binti mmoja na kijana mmoja wanaopokezana kaunta. Mimi ni fundi wa kompyuta, lakini kwa dada nilikuwa nafika tu kitu kikiharibika. Jana jioni akanipigia: "Mdogo wangu, njoo kesho kabla sijafungua. Hili si la kuzungumza kwa simu."

Mteja mmoja, mama wa makamo, alikaa mashine ya nne kutafuta barua aliyoskaniwa siku iliyotangulia. Alipofungua folda ya Downloads akakutana na matokeo ya hospitali ya jirani yake wa ploti moja, jina kamili na ugonjwa umeandikwa. Hakuyatangaza. Alimwita dada pembeni, akamwonyesha, akamwambia, "Mama, hiki si cha kuonwa na mtu," akalipa na kwenda zake. Dada hakulala.

Leo nimehesabu. Mashine ya nne peke yake ina faili 3,412 katika Downloads, za tangu 2021. Vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya PIN ya kodi, barua za mahakama, fomu za HELB za mikopo ya wanafunzi, hati za mshahara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mteja amelipa shilingi kumi ya kuprinti karatasi moja, nasi tumebaki na maisha yake miaka minne.

Nimekaa na dada tukakubaliana jambo moja litakaloongoza kazi yote: anachoacha mteja kwenye mashine ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe au hufutwa, haihodhiwi. Mengine yote, virusi, bekapu, maneno ya siri, tutayapanga chini ya hilo. Shajara hii naiweka wazi ili mwenye saiba mwingine afuate yaliyofaa na ayakwepe makosa yangu.

Tumebandika tangazo mlangoni: mwenye faili lake hapa alichukue kabla ya tarehe 17.

Jumapili, 10 Agosti. Ukaguzi

Siku nzima duka limefungwa. Kwanza kabisa nimenakili folda ya KAZI kutoka mashine ya kaunta hadi kwenye diski yangu na kuipeleka nyumbani Donholm. Folda hii ndiyo roho ya duka: hesabu za mauzo, ankara, mifano ya kadi za harusi na vijitabu vya mazishi ambavyo dada amevitengeneza kwa miaka. Folda za wateja sikuzinakili, maana si zetu.

Niliyoyakuta:

Mashine zote sita zinaingia kama msimamizi mkuu, bila nenosiri. Mteja yeyote angeweza kusakinisha chochote.

Mashine ya kaunta ilikuwa na Windows iliyoamshwa kwa programu ya wizi. Kinga ya virusi ilionyesha rangi ya kijani, kila kitu shwari. Nikafungua orodha ya vitu ambavyo kinga imeagizwa isiviguse, nikakuta humo diski C nzima. Kwa hiyo mlinzi alikuwa amesimama getini na macho yamefungwa kitambaa. Mwenye saiba akitaka kufanya jambo moja tu leo, na afungue Windows Security, aende kwenye Exclusions, asome kilichoandikwa pale.

Kwenye mashine hiyo hiyo kulikuwa na programu ya kuingia kwa mbali, imewekewa nenosiri la kudumu. Fundi wa zamani aliiweka ili asiwe anasafiri. Hakuwa na nia mbaya kwa ninavyojua, lakini ameondoka tangu 2022 na mlango wake ulikuwa bado wazi. Nimeiondoa.

Flashi ya duka ilikuwa na kile kirusi ambacho kila saiba inakijua: folda zako zimetoweka, mahali pake pana vijialama vya mkato (shortcut), na ukibonyeza kimoja ndipo kirusi kinapoamka. Faili zenyewe hazijafutwa, zimefichwa tu. Ukiandika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` zinarudi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi. Kisha unafuta vijialama na lile faili la ajabu lililobaki. Lakini ukiirudisha flashi kwenye mashine yenye kirusi, unaanza upya.

La mwisho lilinitia huzuni kuliko yote. Chini ya droo ya kaunta kuna daftari la mistari, kurasa mia mbili, limechakaa pembeni. Ndani yake: jina la mteja, nambari ya PIN, nenosiri la iTax (tovuti ya kodi), barua pepe, nenosiri la barua pepe. Majina 143. Wateja wenyewe ndio walioomba wawekewe, kwa sababu kila Juni wanarudi kujaziwa ritani na hawakumbuki. Dada aliliweka kwa huruma. Likiibwa hilo, watu 143 wameibwa. Kwa sasa nimelitoa dukani, limo kwenye kasha la chuma nyumbani kwa dada. Namna ya kulimaliza bado sijaijua.

Jumapili, 17 Agosti. Mashine za wateja

Mashine nne za wateja zina prosesa i3 za kizazi cha nne, RAM 4GB. Windows 11 haziipokei kwa njia rasmi, inataka kizazi cha nane na kuendelea pamoja na TPM 2.0, kijichipu cha usalama. Nimezitoa diski kuu za zamani, nikaweka SSD (diski za kasi) za 256GB kutoka Luthuli Avenue kwa 2,900 kila moja, na kusimika Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kuzisimika hakukuwa na lolote la kusimulia, dakika ishirini kila moja.

Kilichonifanya niitake Mint ni kikao cha mgeni. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia unaruhusu wageni, basi. Mteja anaingia bila nenosiri, anafanya yake, na akitoka kila alichokishusha na kila akaunti aliyoifungua vinatoweka. Downloads yenye faili 3,000 za watu haiwezi kurudi tena.

Mashine ya tatu, iliyo karibu na kaunta, ndiyo sasa mlango wa flashi. Flashi ya mteja haichomekwi popote pengine. Virusi vile vya Windows haviamki kwenye Linux, na kutoka pale kijana anatuma kazi moja kwa moja kwa printa.

Zile diski nne za zamani: jamaa mmoja Luthuli alinipa bei ya 800 kila moja, papo hapo, bila hata kuzitazama. Nilikataa. Kufuta faili au kufomati haraka hakuondoi kilichoandikwa, na diski za mitumba zinanunuliwa na watu wa kila aina. Nimezipitisha kwenye nwipe, inayoandika juu ya diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama saa mbili kila moja. Tatu zimemaliza. Ya nne ilikwama ikiwa na sehemu mbovu, nikaipeleka kwa fundi wa vyuma hapo nje akaitoboa matundu matano. Alikataa malipo.

SSD: 11,600.

Jumanne, 26 Agosti. Stima ilipotea

Kosa langu la kwanza kubwa. Jumamosi saa tisa alasiri msichana mmoja alikuwa mashine ya tano akiandika wasifu wake wa kuombea kazi, saa moja na nusu, mwisho wa kupokea maombi ni siku ile ile. Stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, kikao cha mgeni kilikuwa kimeanza upya, safi kabisa. Hapakuwa na hata neno moja.

Sababu naijua sasa, na nilipaswa kuijua kabla. Nyumba ya mgeni kwenye Mint haikai kwenye diski, inakaa kwenye kumbukumbu ya RAM. Ndiyo maana inafutika vizuri, na ndiyo maana stima ikikatika inafutika vilevile. Kwenye Windows ya zamani angepata angalau sehemu. Binti wa kaunta aliketi naye akaandika upya huku msichana akimsomea, wakamaliza saa kumi na mbili kasoro. Dada hakumtoza, na mimi niliomba radhi ana kwa ana.

Marekebisho. Nimenunua UPS mbili (betri za kushikilia stima ikikatika), 6,500 kila moja, moja kwa kila mashine mbili. Tulizipima kwa kuchomoa waya: dakika tisa na nusu, zinatosha kuhifadhi na kutoka. Nimeongeza RAM ya mitumba, 4GB kila mashine, 1,200 kipande, kwa sababu nyumba ya mgeni inakula RAM hiyo hiyo na faili kubwa la kuskani lilikuwa linaifanya mashine kusuasua. Na mteja akianza kuandika kitu kirefu, anaulizwa mapema: una flashi, au ujitumie kwa barua pepe yako?

La pili lilikuwa dogo lakini lilileta malalamiko kila siku. Faili za Word zilikuwa zinafunguka zimepinda, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari mitatu. Ni herufi. Nikasimika kifurushi cha herufi za Microsoft kwa ajili ya Times New Roman na Arial, na Carlito ambayo upana wake ni sawa na wa Calibri. Malalamiko yamepungua sana. Fomu za ritani zenye makro za Excel, hata hivyo, zimekataa katakata kwenye LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia kwenye Mint. Hizo zitajazwa kwenye Windows ya kaunta, mteja akiwa ameketi pale pale.

UPS na RAM: 17,800.

Jumatatu, 1 Septemba. Bekapu iliyojifuta

Naandika hili polepole kwa sababu ndilo ambalo ningetaka mtu mwingine asilipitie.

Wiki mbili zilizopita niliiwekea mashine ya kaunta bekapu ya kila siku saa mbili usiku, kutoka D:\KAZI hadi diski ya nje ya 1TB niliyoinunua 6,800. Amri ilikuwa robocopy, ile ya Windows ya kunakili folda, na /MIR mwishoni. Usiku wa kwanza haikumaliza. Asubuhi nikaikuta bado inahangaika na faili moja, la programu ya mauzo ambayo kijana aliiacha wazi. Robocopy ikikuta faili limeshikwa, husubiri sekunde 30 na kujaribu tena, na usipoiambia vinginevyo hujaribu mara milioni moja. Nikaongeza /R:2 /W:5, yaani irudie mara mbili tu na kusubiri sekunde tano, nikawaagiza wafunge programu kabla ya kuondoka, ikapita. Nikaridhika.

Jana Jumapili nikaamua kuisafisha mashine ya kaunta kabisa, niiondolee ile Windows ya wizi na kuweka yenye leseni. Asubuhi nikachukua bekapu ya mwisho, nikafungua faili kadhaa kuhakikisha, zote nzima. Nikafuta mashine. Jioni nikawa nimesimika Windows, nikatengeneza folda tupu ya KAZI kwenye D, nikarudisha ratiba ya bekapu niliyokuwa nimeihifadhi, nikaiacha mashine ikishusha masasisho huku nikienda kula. Faili ningezirudisha nikitoka mezani.

Saa mbili usiku ratiba ikafanya kazi yake. Maana ya /MIR ni kioo: kilichoko hapa kiwe kule, na kisichokuwepo hapa kisiwepo kule pia. Hapa palikuwa patupu. Nilipofungua diski ya nje nikakuta KAZI kama nyumba iliyohamwa.

Mikono ilinitetemeka. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kikombe cha chai, akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia ukweli, yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Kijitabu cha mazishi cha wale watu wa Kayole kilikuwa humo. Wanazika Jumatano."

Niliyoyafanya, kwa mpangilio. Diski nikaichomoa hapo hapo, maana kila kinachoandikwa juu yake kinazika kilichofutwa. Nikaichomeka kwenye mashine ya Linux na kuipitisha PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizofutwa, ikitoa inachokipata na kukiweka kwenye diski nyingine. Ilichukua hadi saa kumi alfajiri. Ilirudisha faili 1,900 na zaidi, lakini bila majina wala folda: f0482116.jpg, f0511904.docx, hivyo hivyo mfululizo. Picha za marehemu zilipatikana zote. Kijitabu chenyewe kilipatikana katika hali ya wiki iliyopita, kikikosa historia ya maisha yake na shukrani za familia.

Ile nakala ya tarehe 10 iliyokuwa nyumbani kwangu ikatuokoa kwa yote ya zamani. Tulichopoteza ni wiki tatu za hesabu, ambazo dada anazijenga upya kutoka ujumbe wa M-Pesa na vitabu vya risiti. Asubuhi alimpigia mwana wa marehemu, hakumficha kilichotokea, akaomba ile historia tena. Mwana huyo aliisoma kwenye simu, binti wa kaunta akaandika. Kimechapwa leo saa kumi jioni.

Jumapili, 7 Septemba. Bekapu mpya

Neno /MIR nimeliondoa. Sasa kila usiku amri inanakili kwa /E, pamoja na folda za ndani, kwenye folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo, haifuti chochote. Folda za zamani zaidi ya wiki nne nazifuta mimi kwa mkono, nikiwa macho. KAZI yote haizidi GB 14, nafasi ipo.

Diski zimekuwa mbili, ya pili pia 6,800. Moja iko dukani, nyingine iko nyumbani kwa dada, na kila Jumapili zinabadilishana. Iliyoko nyumbani haijachomekwa popote, na hilo ndilo muhimu. Programu ya kuteka faili na kudai fidia hufunga kila kinachofikika kutoka kwenye mashine, bekapu iliyochomekwa ikiwemo. Mwezi Mei 2017 WannaCry, programu ya aina hiyo, iliingia kwenye mashine za nchi nyingi kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka mwezi Machi. Waliopona ni waliosasisha, na waliokuwa na nakala isiyoguswa.

Diski zote mbili zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, ili ikiibwa ndani ya matatu isiwe habari ya mtu mwingine. Ufunguo wa kurudishia umechapwa kwenye karatasi, umo ndani ya kasha la chuma. Usiuhifadhi kwenye mashine ile ile inayofungwa. Nimewahi kumwona mteja wangu mjini aliyefanya hivyo akilia.

Jumamosi, 20 Septemba. Simu ya duka

Nilidhani tatizo la faili za wateja limekwisha kwenye mashine, kumbe nusu ya kazi inaingia kwa WhatsApp. "Nitumie kwa nambari hiyo niprinti." Nikaweka kipima muda cha ujumbe kutoweka, saa 24, kwa kila mazungumzo mapya, na yale ya zamani tukayafuta. Dada akashusha pumzi, nami nikashusha.

Leo alikuwa ananionyesha picha za mpwa wetu kwenye simu yake binafsi, akitembeza kidole, mara kikapita kitambulisho cha mtu. Kisha kingine. Kisha cheti cha ndoa.

Ujumbe ulikuwa unatoweka, ila picha zilikuwa zimeshajihifadhi kwenye galari ya simu ya duka, na simu ya duka ilikuwa imeunganishwa na akaunti yake ya Google tangu siku ya kununuliwa. Google Photos ilikuwa inapandisha folda ya picha za WhatsApp kila usiku. Picha 6,000 na ushee za watu wasiomjua, zimechanganyika na za ubatizo wa mtoto.

Kuzitenganisha kumechukua jioni tatu. Sasa simu ya duka ina akaunti yake yenyewe, kupandisha picha kumezimwa, kushusha picha bila kuuliza kumezimwa, na ile alama ya kuonyesha picha za WhatsApp kwenye galari imezimwa. Usiishie kwenye mipangilio. Subiri siku mbili, fungua galari, tazama kwa macho yako.

Tukiwa kwenye simu: laini ya duka, ya Safaricom, ndiyo inapokea fedha na misimbo ya kuingilia barua pepe, kwa hiyo anayeinyakua laini amelinyakua duka. Tumeiwekea PIN, tumepiga \*100\*100# ili isibadilishwe kiholela, na \*106# kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha dada. Zote zilikuwa zake. Barua pepe ya duka sasa inatumia programu ya misimbo badala ya SMS.

Ijumaa, 3 Oktoba. Sheria, na ruta

Dada aliuliza kama tunavunja sheria. Nimeisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022. Biashara yenye mauzo ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa iwe katika kazi zilizotajwa, kama afya, elimu au mikopo. Sisi tuko chini ya hapo. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa wajibu. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, Kamishna anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Hatukai na kitu kuliko kinavyohitajika, wala hatukitumii kwa lingine. Nimemwandikia dada hayo kwenye karatasi moja kwa Kiswahili, na binti na kijana wameisoma kwa sauti.

Ruta: nenosiri la msimamizi lilikuwa lile la kiwandani. Limebadilishwa. Waifai ya wateja imetengwa na ya kaunta. Nusu saa.

Jumanne, 14 Oktoba. Siku ya Windows 10

Leo Microsoft wameacha kutoa viraka vya kawaida vya Windows 10. Mashine ya kaunta ni i5 ya kizazi cha nane, ilipanda hadi Windows 11 bila shida. Mashine iliyobaki, ya dizaini, ni kizazi cha sita, haipandi. Nimenunua ya ex-UK (mitumba kutoka Uingereza), i5 kizazi cha nane, RAM 8GB, 24,500 na leseni yake ndani. Muuzaji wa kwanza alinionyesha moja ya 17,000. Nilipotazama orodha ya Exclusions nikakuta C nzima. Nikamshukuru nikaondoka.

Dada na wafanyakazi wanaingia kama watumiaji wa kawaida. Nenosiri la msimamizi liko kwenye KeePassXC, programu ya kutunza maneno ya siri, na kwenye kasha.

Jumamosi, 25 Oktoba. Daftari

Nilikuwa nataka kulichoma tu. Dada akakataa, na alikuwa na haki: "Ukilichoma, mzee wa watu atajuaje akaunti yake?" Tatizo lilikuwa limekaa chini zaidi ya daftari. Barua pepe nyingi zilifunguliwa hapa hapa dukani, na nambari ya simu ya kurudishia akaunti ni ya duka. Kwa hiyo hata mteja akibadilisha nenosiri, mwenye ufunguo bado ni sisi. Tulikuwa na funguo za nyumba za watu bila wao kujua.

Kwa hiyo tunawapigia mmoja mmoja. Mteja anakuja, anakaa mashine ya tatu, anaweka nambari yake mwenyewe, anaweka nenosiri lake sisi tukiangalia pembeni, anaandika kwa mkono wake kwenye kadi ngumu na kwenda nayo. Kisha jina lake linakatwa kwa wino mweusi mbele yake. Bure kabisa.

Asubuhi alikuja mzee mmoja, mstaafu, kofia mkononi. Nikamweleza.

"Mwanangu, niwekee wewe. Mimi nitapoteza."

"Mzee, ukipoteza kadi tutarudisha kwa simu yako, hakuna kilichoharibika. Lakini daftari letu likipotea, aliyeokota anaingia kwako bila kubisha."

Akatafakari. "Na hilo daftari, nani analisoma?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia: aliye kaunta siku hiyo. Akavaa miwani, akaomba kalamu, akaandika herufi moja moja, akaisoma kadi mara mbili kabla ya kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Jambo moja nililolijua baadaye: ukibadilisha nambari ya kurudishia kwenye Google, nambari ya zamani inaweza kuendelea kupewa msimbo kwa siku saba. Kwa hiyo tumewaambia wateja kwamba mpaka wiki ipite, simu ya duka bado ina njia, na tumeweka tarehe kwenye kila jina.

Kadi: 600. Mashine ya kukata karatasi, kwa kopi zilizoharibika zilizokuwa zinafungia mandazi hapo nje: 5,800.

Jumapili, 23 Novemba. Tulipofikia

Leo nilirudisha bekapu kwa majaribio, kutoka diski ya nyumbani hadi kwenye mashine tupu. Dakika 11, faili zote zinafunguka, za mauzo pia. Nimeweka Jumapili ya mwisho ya kila mwezi kwa ajili hiyo.

Jumla iliyotumika ni shilingi 73,900, ukiacha usiku wangu. Dada alilipa kidogo kidogo kutoka kwa mauzo, na ex-UK kwa pesa za chama.

Bado kuna tabia moja haijakaa sawa. Mteja anainuka bila kutoka kwenye kikao, anayefuata anakaa anakuta akaunti ya mwenzake ya eCitizen, ya huduma za serikali, iko wazi. Imetokea mara mbili mwezi huu. Sasa anayepokea pesa ndiye anayekwenda kufunga kikao kabla ya kurudisha chenji. Saa za msongamano kijana anasahau. Natafuta namna ya mashine kujifunga yenyewe ikikaa dakika tano bila kuguswa, bila kumfutia kazi mtu aliyetoka nje kupokea simu. Sijaipata.

Yule mama wa matokeo ya hospitali alirudi wiki iliyopita kuskani tena. Aliketi mashine ya nne, akafungua Downloads kwanza, akatazama, kisha akaanza kazi yake.

Katika majina 143, yamekatwa 126. Sita nambari zao hazipatikani tena, wawili wamefariki, tisa wameahidi kuja wakirudi kutoka mashambani baada ya Krismasi. Daftari liko kwenye kasha. Nitaandika tena Januari.